Fanksheni ya Zamani na Vichupa vya Moa

Kijana akiniambia "kwangu inafanya kazi", mkono huniwasha. Nimestaafu, nina kisukari, daktari amenikataza hasira, na bado nikilisikia neno hilo masikio hupata moto. Nimekwambia mfumo unakosea Moa, wewe unanipa habari za meza yako Raskazone. Nani kakuuliza habari za meza yako?

Jina langu ni Hizza. Kwa miaka ishirini na saba nilitunza hifadhidata ya shirika moja la afya ambalo sitalitaja. Ofisi yetu ilikuwa katika nyumba kuukuu ya wakoloni pale Raskazone, yenye dari refu na popo wasiolipa kodi. Tulikuwa na vituo kumi na kimoja, kuanzia Moa karibu na mpaka hadi Amani kule juu msituni. Nawaandikia nyinyi mnaoshika kazi hii sasa, mnaojua mambo mengi kuliko mimi na mnaosikiliza kidogo kuliko mimi. Mkiona nafoka, vumilieni. Kuna mtu aliitwa mwizi kwa sababu ya kazi ya mikono yangu, na sehemu kubwa ya hasira hii najikasirikia mwenyewe.

Nieleze kitu chenyewe kwanza. Kila kituo chetu kilikuwa na friji ya sola ya kutunzia chanjo, na ndani ya friji kipimajoto kinachotuma joto kwenye mfumo kila baada ya dakika chache. Muuguzi kabla hajatumia kichupa huandika namba ya kichupa hicho kwenye simu, na mfumo humjibu neno moja kati ya mawili: Tumia, au Tupa. Jibu hilo halikutungwa na simu. Lilitoka kwenye fanksheni, yaani kijiprogramu kinachokaa ndani ya hifadhidata yenyewe, ambacho hutazama joto la friji na umri wa kichupa kisha hutoa hukumu. Fanksheni hiyo niliiandika mimi, na nilijivuna nayo kama mtu aliyejenga nyumba.

Ya kwanza ilikuwa kali mno. Joto likipanda kidogo tu, hata muuguzi akiwa amefungua mlango wa friji kutoa kichupa kimoja, fanksheni ilisema Tupa kwa vyote. Chanjo isiyoharibika iliishia shimoni kwa ajili ya mlango uliofunguliwa. Basi nikaandika mpya inayouliza joto limekaa juu kwa muda gani. Wataalamu wa chanjo wakaipitia, wakaikubali, nikaiweka. Kuanzia hapo vichupa vingi vilivyokuwa vikihukumiwa kufa vikawa vizima. Mkurugenzi wetu, Bwana Mhina, alinunua soda na sambusa kwa ofisi nzima.

Hapa nisimame niwafundishe jambo moja kabla sijasahau, kwa kuwa ndilo mnalokosea kila wiki. Ukibadilisha fanksheni na jibu lisibadilike, usiibadilishe tena. Nimewaona mkikaa siku nzima mkibadilisha, mkihifadhi, mkijaribu, mkitukana, mkibadilisha. Acha. Jiulize: ninayezungumza naye ni yule niliyemrekebisha? Mimi nilikuwa na dawa yangu ya kienyeji. Nikishuku, naiambia fanksheni kwenye hifadhidata ya majaribio ijibu neno la kipuuzi. Neno lile lisipotokea kwenye simu, najua nimekuwa nikimpaka mafuta maiti mwingine. Siku moja nilipitiwa, nikaliweka kwenye hifadhidata yenyewe ya kazi na kulisahau humo. Muuguzi mmoja wa Muheza akanipigia: "Mzee Hizza, naandika namba ya kichupa, mfumo unaniambia samli. Niitumie vipi hiyo samli?" Wenzangu waliniita Mzee Samli mwaka mzima, na nilistahili.

Kazi hii nilifundishwa na Bi Rehema, mwanamke wa Ngamiani aliyeanza kama mtunza stoo wa kadi za karatasi akahamia kwenye kompyuta bila kumwomba mtu ruhusa. Alikuwa na kauli yake: "Cha zamani hakitupwi, hupishwa." Ukiandika fanksheni mpya, ile ya zamani usiifute. Hifadhidata ina vyumba, na jina moja laweza kuwepo katika chumba hiki na kile bila kugombana. Bi Rehema alitengeneza chumba akakiita akiba, na kila fanksheni iliyostaafu aliihamishia humo kwa jina lake lile lile, ili siku mpya ikiharibika turudi kwa ya zamani haraka. Alituokoa mara mbili kwa akiba hiyo. Nilimwamini kama mtu anavyomwamini mama yake jikoni, sikuwahi kumuuliza maswali, na kosa hilo si lake.

Sharti la pili la ofisi nililiweka mimi, na lilitoka Amani. Tabibu wetu wa huko, Elia, Mshambaa mwenye mdomo, alikuwa akituma fomu zake akiwa amesimama juu ya benchi nyuma ya kituo, mahali pekee palipokuwa na mtandao. Fomu moja ilimchukua nusu saa. Siku moja nikazima mfumo mchana na kuuwasha, fomu yake ikapotea. Nikafanya hivyo tena, na tena. Mara ya tatu aliacha kituo akashuka mlima mpaka Raskazone, akaingia ofisini na buti za tope juu ya sakafu iliyokuwa imepigwa deki.

"Hizza," akasema, "mie nimesimama juu ya benchi kama jogoo, watoto wananicheka, wewe unanizimia mara tatu. Una ugomvi na mimi au na Mungu?"

Nikamwomba radhi. Tangu siku hiyo nikapiga marufuku kuzima mfumo. Tukatundika ubao mweupe ukutani na kila asubuhi tukaandika siku ngapi mfumo umekaa bila kuzimwa. Ikawa sifa yetu. Wageni wakija, Bwana Mhina huwapeleka kwanza kwenye ubao ule, kabla hata ya kuwapa kiti. Tulifika siku mia moja na tisini na tukasherehekea ujinga wetu kwa keki.

Sasa tuingie Moa. Muuguzi wa kituo cha Moa alikuwa Mwanamkasi, binti wa Kidigo wa miaka thelathini na kitu, mtu wa maneno machache na madaftari mengi. Wiki chache baada ya fanksheni mpya kuanza, alinipigia simu.

"Shikamoo baba."

"Marahaba. Lete habari."

"Baba, mfumo waniambia Tupa, na friji yangu haijapata joto. Jana imekuwa hivo, na leo."

Nikatazama kwenye kompyuta yangu. Kichupa kile kile kilisema Tumia. Mnajua nilimwambia nini? Nilimwambia azime simu aiwashe. Nikamwambia labda anaandika namba vibaya. Kisha nikasema, naliandika hapa ili mlione lilivyo baya, nikasema: "Huku kwangu inafanya kazi, binti yangu." Akasema haya baba, akakata. Alikuwa ametii amri ya mfumo siku zote, na akaendelea kutii. Uliposema Tupa, alitupa, akaandika.

Mwisho wa mwezi hesabu ya stoo ikaonyesha kwamba Moa imetupa vichupa mara nyingi kuliko vituo vingine vyote. Bwana Mhina akaja mezani kwangu akitaka ushahidi. Aliniagiza nimtengenezee ukurasa ambao akiandika namba ya kichupa, unamwonyesha jibu la fanksheni ya zamani upande wa kushoto na jibu la mpya upande wa kulia. Nikauandika kwa mchana mmoja, nikauita Linganisha. Akaupenda. Kila asubuhi alikaa na chai yake akipitisha namba za vichupa vya Moa kimoja kimoja, na kila kimoja upande wa kulia kilisema Tumia. Vichupa vizima, akasema, na muuguzi anadai katupa. Basi vimekwenda wapi? Moa na mpaka ni pua na mdomo. Akajijibu mwenyewe kwamba vimevuka.

Mfumo haukuwa ukihifadhi majibu uliyowapa wauguzi. Ulihifadhi kile muuguzi alichofanya tu. Lishikeni hilo, wanangu. Mashine inayomwamuru mtu na kutoandika amri yake ni kama bosi anayeagiza kwa mdomo kisha akana mbele ya watu. Niliijenga mimi hivyo, kwa kubana nafasi kwenye diski. Nafasi yenyewe isingejaza hata robo ya simu zenu za leo.

Barua ya kumsimamisha kazi Mwanamkasi ikatoka. Haikutosha kumpa mkononi. Bwana Mhina aliagiza nakala ibandikwe kwenye mlango wa kituo, na mwakilishi wake akaisoma mbele ya akina mama siku ya kliniki, ati kwa ajili ya uwazi. Neno wizi halikuandikwa. Liliandikwa "upotevu wa chanjo usioelezeka", na kijiji kizima kikaelewa walichotakiwa waelewe. Mimi niliisoma barua ile kabla haijatoka. Niliona haya kidogo, nikanywa maji, nikarudi kwenye kazi yangu. Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi.

Baadaye nikatumwa mimi Moa kuchukua simu ya kituo na daftari, viwe ushahidi. Nikapanda gari la Horohoro, nikashuka njia panda, nikachukua bodaboda. Nilimkuta Mwanamkasi amekaa kwenye baraza ya kwao, si kituoni. Akaniamkia, akanikaribisha kiti, akaleta maji. Sikuona hasira kwake na hilo lilinisumbua.

"Nimekuja kuchukua simu na daftari," nikasema.

"Nimeambiwa. Vipo." Akaviweka mezani, lakini mkono wake ukabaki juu ya daftari. "Baba, kabla hujaondoka. Simu hiyo, andika namba hino hapa. Kichupa ki kwenye friji, sijakigusa, na friji yafanya kazi."

Nikaandika. Mfumo ukajibu Tumia. Nikamtazama.

"Andika tena," akasema.

Tumia.

"Tena."

Nilitaka kumwambia kwamba kuandika mara kumi hakubadilishi ukweli. Nikaandika kwa kumridhisha tu. Mfumo ukajibu Tupa.

Nikaandika tena, Tumia. Tena, Tupa. Namba ile ile, dakika ile ile, kidole changu mwenyewe. Nikaandika mara ishirini, na mara saba ikasema Tupa. Mwanamkasi hakusema "si nilikwambia". Alifungua daftari akanionyesha. Kila alipoandika namba ya kichupa, alikuwa ameandika pembeni jibu la mfumo, na saa. Kila siku, kwa wino wa bluu, kwa mwandiko wa shule ya msingi.

"Mie sikuandika mara mbili," akasema. "Kimesema Tupa, nimetupa. Nilidhani mashine yajua."

Njiani nikirudi nilimpigia Tabibu Elia wa Amani nikamuuliza kama yeye hupata Tupa. Akacheka. "Kila siku napata. Nikiona Tupa nabonyeza tena mpaka mfumo upate akili. Wewe hujui mfumo wako mkaidi?" Nikampigia wa Muheza, naye akasema hivyo hivyo. Nikawapigia wote. Vituo kumi vilikuwa vinabonyeza mpaka jibu walipendalo litoke, wakaonekana waaminifu. Mmoja alitii mara ya kwanza, akaitwa mwizi. Nilikata simu ya mwisho nikiwa nimesimama stendi, nikamfokea kondakta aliyeniuliza tu ninakwenda wapi.

Nilipofika ofisini sikumsalimia mtu. Nikaketi, nikaiuliza hifadhidata swali ambalo ningetakiwa kuuliza siku ya kwanza: mko wangapi wenye jina hili? Ikajibu wawili, mmoja katika chumba cha kazi, mmoja katika akiba. Hilo nililijua. Swali la pili lilikuwa gumu zaidi. Nani anamwita wa akiba?

Sikilizeni vizuri. Mfumo wa wavuti haufungui laini mpya ya kwenda kwenye hifadhidata kila mtu anapouliza. Hufungua laini chache, kwetu zilikuwa kumi, na simu ikiuliza hupewa yoyote iliyo wazi, kisha laini hurudishwa ipewe mwingine. Kila laini ina kumbukumbu yake ya mpangilio wa vyumba: itazame chumba kipi kwanza ikitafuta jina. Nikaziuliza laini zote kumi, moja moja, wewe njia yako ni ipi? Sita zilisema chumba cha kazi kwanza. Nne zilisema akiba kwanza.

Sikuhitaji kutafuta aliyezifundisha. Ukurasa wa Linganisha, ili upate jibu la zamani la upande wa kushoto, uliiambia laini "tazama akiba kwanza". Jibu la kulia uliliita kwa jina la chumba chake, kwa hiyo kwa Bwana Mhina lilikuwa sahihi daima. Lakini mimi niliyeuandika ukurasa sikuiambia laini irudi kwenye njia yake baada ya kazi. Niliipotosha na kuiachia, ikarudi kundini hivyo hivyo. Muuguzi yeyote aliyebahatika kuipata alihukumiwa na fanksheni iliyostaafu. Laini zilizopotoka zingekufa siku moja kama tungezima mfumo, nazo hazikufa kwa sababu tulikuwa na ubao wa kujisifia ukutani. Simu ya kwanza ya Mwanamkasi ilikuja kabla ya Linganisha, mtasema. Ndiyo, na hapo nilikuwa nimejaribu amri ile ile mwenyewe kwa mkono kupitia mfumo, wiki ya kwanza ya fanksheni mpya, nikaiacha laini moja imepotoka bila kujua. Kikulacho ki nguoni mwako.

Nikachukua daftari la Moa nikaliweka kando ya kumbukumbu za seva. Bwana Mhina alipofungua Linganisha asubuhi, Tupa za Moa ziliongezeka tangu siku hiyo. Alipoenda semina wiki moja, hazikuongezeka. Kadiri alivyomchunguza, ndivyo alivyomtengenezea makosa.

Marekebisho yenyewe yalichukua muda mfupi kuliko kuchemsha maji ya chai. Mstari mmoja wa kuisafisha laini kila inaporudi. Fanksheni za akiba nikazitoa ndani ya hifadhidata nikazihifadhi kwenye faili nje, mahali ambapo hakuna laini inayoweza kujikwaa nazo. Nikazima mfumo, mchana kweupe, nikauwasha. Nikachukua kitambaa nikafuta ubao wote. Mhasibu akauliza nimepatwa na nini.

Kisha nikaenda kwa Bwana Mhina nikamweleza kama nilivyowaeleza nyinyi. Alisikiliza, akavua miwani.

"Kwa hiyo tatizo limeisha," akasema.

"La mfumo limeisha."

"Basi andika ripoti kwamba kulikuwa na hitilafu ya mtandao. Muuguzi arudi kazini kimya kimya. Nitampigia mwenyewe."

"Mtandao haukufanya chochote. Nilifanya mimi. Na wewe uliyekuwa ukibonyeza."

"Hizza, umebakiza mwaka mmoja ustaafu. Unataka nini?"

Nilichotaka ni kumtupia kile kikombe chake cha chai. Nilimwambia kwamba ile barua ilibandikwa mlangoni na kusomwa kwa sauti, na kwamba kukosa kwa kipaza sauti na kuomba radhi kwa mnong'ono ni uchafu. Akasema niangalie ulimi wangu. Nikamwambia nimeuangalia miezi miwili na tazama umefanya nini. Vijana, mimi si shujaa wa hadithi hii. Nilipiga meza, nikaumia mkono, nikatoka nje. Nikaandika ripoti kurasa mbili, jina langu mstari wa kwanza, nikaipeleka kwa wajumbe wote wa bodi kabla hajanizuia. Alinuna mpaka naondoka. Mpaka leo tukikutana barabarani hutazama baharini.

Mwanamkasi alipigiwa simu arudi. Akajibu kwamba atarudi siku atakayosomewa barua ya pili, mahali pale pale iliposomwa ya kwanza, mbele ya wale wale. Bwana Mhina akasema hana muda wa michezo. Nikaenda mimi.

Ilikuwa siku ya kliniki. Akina mama walikuwa wamekaa kwenye mabenchi na watoto mapajani, na wengine wamesimama nje kwenye kivuli cha ukuta. Nikajitambulisha, nikasoma. Nilisoma kwamba Mwanamkasi hakuchukua kitu, kwamba alifanya alichoambiwa na mfumo wetu, na kwamba mfumo ulikosea kwa mkono wa mtu anayesoma. Bibi mmoja akauliza kama mimi ndiye niliyesema binti yao mwizi. Nikamwambia si mimi, lakini niliiona barua kabla haijaja na sikusema kitu. Akanitazama mpaka nikainamisha macho.

Mwanamkasi alibandua ile karatasi mlangoni mwenyewe, akaikunja. Nilidhani atashukuru, au atalia, au atanitukana. Yeye alifungua daftari lingine.

"Wiki zile kituo kilipokuwa hakina mtu, watoto hawa hawakuchanjwa," akasema. "Leo hawajaja. Nimeandika majina yao yote na nyumba zao. Baba, una haraka?"

Sikuwa na haraka. Akina mama waliokuwepo walipohudumiwa wote, tukaanza kutembea, yeye na kiboksi cha baridi begani, mimi na ripoti yangu mkononi. Nyumba ya kwanza walitupokea vizuri. Ya pili pia. Ya tatu mama alitoka na mtoto mgongoni, akamwona Mwanamkasi, akasimama kizingitini.

"Mwanangu hachomwi na mwizi wa dawa," akasema.

Nikaanza kumweleza. Nikafunua karatasi. Nikamwambia habari za laini, na vyumba, na njia, jasho linanitoka, na nilivyozidi kueleza ndivyo alivyozidi kunitazama kama tapeli aliyeletwa kutoka mjini kumsafisha mtu. Akaingia ndani akafunga mlango, akatia na komeo.

Mimi nilipandwa na hasira nikataka kugonga. Mwanamkasi akanishika mkono.

"Mwache baba. Nitarudi kesho."

Akaandika alama ndogo kando ya jina la mtoto yule, na saa, kwa wino wa bluu. Tukaenda nyumba ya nne.

Mwaka uliofuata nilistaafu. Mara ya mwisho nilipompigia nikamuuliza habari za nyumba ile ya tatu. Akaniambia amekwenda mara kumi na nne, na mama yule siku hizi humjibu salamu dirishani, lakini mlango bado hajaufungua.